Mashine Zangu na Ziwa Lililozimwa

Sikupiga magoti. Naanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita, kwenye matanga ya Mama Mapendo, Papa Anselmi alisimama mbele ya waombolezaji waliojaa uani, akavua kofia, akasimulia kwamba katika mwaka ule wa vita marehemu aliniokoa kwa kunipigisha magoti mbele ya komanda, nikaomba msamaha kwa ajili ya kompyuta zangu. Watu wakatikisa vichwa kwa upole. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanigusa bega, kana kwamba baada ya miaka yote hiyo bado nilihitaji kufarijiwa. Nilinyamaza, maana matangani mtu hamkatizi mzee, na mkononi nilikuwa na sahani ya bugali na ndagala ambayo binti wa marehemu alikuwa amenipa kwa mikono yake miwili. Lakini nilipokuwa nikila nilijua kwamba nitaandika. Papa Anselmi hakuwepo. Siku ile alikuwa amejifungia nyumbani kwake, na simlaumu kwa kuufunga mlango, kila mwenye akili aliufunga. Namlaumu kwa kuufungua mdomo leo, wakati mtu pekee aliyeweza kumkanusha pamoja nami yumo ndani ya sanduku. Kwa hiyo nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na nitaanzia chumbani.

Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Mapendo, huko Kimanga, upande wa barabara unaoshuka ziwani. Kuta zilipakwa chokaa ya bluu iliyobaki baada ya kupaka kanisa, na dirisha lilikuwa dogo, na wavu wake ulitobolewa na panya. Mama Mapendo alikuwa muuza samaki. Alinipangisha chumba kile kwa sharti kwamba magunia yake ya ndagala wakavu yaendelee kukaa humo, kwa kuwa ndicho chumba kikavu kuliko vyote. Basi niliishi na ndagala. Walikuwa upande mmoja, kitanda upande wa pili, na katikati ilikuwa meza niliyotengenezewa kwa mbao za makreti ya bia. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule iliyofunguliwa wiki hii na kufungwa wiki ijayo, na kwa maoni ya watu wote wa mtaa nilikuwa na umri wa kuolewa, na kwa maoni yangu nilikuwa na umri wa kuachwa nifanye nipendalo. Nilichokipenda kilikaa juu ya meza ile. Hadi leo nikifungua skrubu za kompyuta yoyote kuukuu, pua yangu inasubiri harufu ya samaki.

Ya kwanza niliiita Kobe. Ilikuwa nyeusi, ndogo kuliko sinia, na vitufe vyake vilikuwa laini kama raba ya kufutia. Bwana shamba mmoja Mzungu, aliyekuwa akifundisha kilimo cha mpunga kwenye tambarare ya Ruzizi, aliiacha shuleni alipoondoka kwa haraka kabla ya vita vya kwanza, vile vilivyotangulia hivi ninavyosimulia. Mkuu wa shule alitaka nafasi ya kuweka viti, akanipa mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza ni kitu gani. Kobe haikuwa na kioo chake. Uliifunga kwenye televisheni, na televisheni ilikuwa ya Mama Mapendo, kisha ukaifunga kwenye redio ya kaseti, kwa maana yenyewe haikukumbuka kitu. Ukiizima, imesahau yote. Kumbukumbu yake ilikaa kwenye kaseti, zilezile za nyimbo, na ukitaka ikurudishie kazi uliyoandika jana unairudisha kaseti mwanzo, unabonyeza, redio inaanza kulia. Kaseti hizo ukizisikiliza kwa redio tu, bila mashine, husikii wimbo wala neno. Unasikia mlio wa juu, mkavu, unaokwaruza, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe. Mlio huo ndio uliotuponza baadaye.

Ya pili ilikuja kwa sababu ya uporaji. Mwaka ule soko la Mulongwe lilijaa vitu vilivyokuwa na wenyewe: milango yenye bawaba zake, vitanda vya hospitali, mashine za kuchapa zisizo na herufi kadhaa. Mke wa mwanajeshi mmoja alikuwa ameketi juu ya turubai, mbele yake kuna sanduku zito lenye kioo, akiwaambia wapita njia kwamba ni televisheni. Nilipoinama kuitazama akaniambia ukweli wake wote, kwamba iko televisheni lakini inaonyesha maandishi tu, na maandishi yenyewe ni ya rangi ya majani, bwana wake amechoka nayo. Nikavua viatu vyangu vya kanisani palepale, nikampa, nikarudi Kimanga pekupeku nimebeba sanduku kichwani. Nikaiita Kijani. Nyuma yake kulikuwa na kibandiko chenye jina la ofisi moja ya huko tambarare, na sikukibandua. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba mwenyewe akija, atachukua. Walicheka. Lakini alikuja. Alikuwa mhasibu wa ofisi ile, mtu wa Katogota, amekonda, amesikia habari za mwalimu anayekusanya mashine. Aliketi kwenye kiti changu, akaiwasha, akasoma yale maandishi ya kijani kwa muda mrefu kana kwamba anasoma habari za nduguye. Nilipoanza kuukunja waya aondoke nayo, akanizuia. Akasema iache hapa, kule ofisi haina hata ukuta wa kuiegemeza. Akala bugali kwetu, akaenda zake kwa miguu, na sikumwona tena.

Ya tatu, Mama Mzito, ililetwa na Générose, mwanamke aliyekuwa akivuka mpaka wa Kavimvira kila mara kutoka Bujumbura na mabalo ya nguo kuukuu. Aliificha katikati ya nguo za watoto, si kwa kuogopa forodha, ila kwa kuogopa kuchekwa. Ilikuwa na vitufe vya kweli, vigumu, na iliweza kuonyesha rangi kwenye televisheni, nyekundu na njano na bluu nzito. Nilimpa baiskeli yangu. Tangu siku hiyo nilitembea kwa miguu kwenda shuleni, na wanawake waliokuwa wakichambua ndagala uani walipata la kusema. Nilikuwa nikiwasikia kupitia dirisha lile la panya, nao walijua kwamba nasikia. Mmoja aliuliza kama akili ya mwalimu iko sawa. Mwingine akasema ningezaa mtoto, ningeacha mashine. Mama Mapendo hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo wake. Akamwambia yule wa pili, "Bwana yako anakunywaka kasiksi kila siku ya Mungu, na hakuna muntu anauliza kama akili yake iko sawa." Walicheka, na mimi nilicheka peke yangu ndani, nikaendelea kuandika.

Watu huniuliza hadi leo: kwa nini kompyuta, au maordinatere kama tunavyosema huku, na kwa nini wakati ule? Wanataka niseme kwamba nilikuwa nikitafuta kujisahaulisha vita. Sikuwa nikijisahaulisha kitu. Mji ulikuwa umejaa watu wanaotoa amri. Kulikuwa na amri ya kutopita barabara hii, ya kutoimba sauti ya juu, ya kubeba karatasi, ya kutobeba karatasi. Waliotoa amri walibadilika, na kila waliokuja walifuta za wenzao na kuleta zao. Ndani ya chumba changu kulikuwa na vitu vitatu vilivyopokea amri kutoka kwangu, vikazitii nilipoziandika vizuri na kuzikataa nilipokosea, bila kunipiga. Sijui kama mtu ambaye hajaishi hivyo anaweza kuelewa utamu wake. Nilizitaka zaidi, na ningetoa baiskeli nyingine kama ningekuwa nayo.

Kisha ziwa likazimwa. Sina neno lingine. Ndagala hawavuliwi mchana wala kwenye mbalamwezi, huvuliwa gizani, kwa taa, na kabla ya vita mtu akisimama Kimanga baada ya kula aliona taa za wavuvi zimetandaa majini kutoka Kalundu hadi karibu na ng'ambo, mji mwingine juu ya maji. Wanajeshi walioshika mji mwaka ule walikataza. Walisema mitumbwi inaweza kuvusha maadui, na atakayewasha taa ziwani atapigwa risasi. Walipiga kweli. Kwa hiyo wavuvi wakakaa, na magunia chumbani mwangu yakapungua moja baada ya jingine hadi nikabaki na ukuta mtupu wa bluu ambao sikuwahi kuuona. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, kisha sombe bila mawese. Mama Mapendo hakulalamika. Alifagia mahali magunia yalipokuwa, akafagia tena kesho yake, ingawa hapakuwa na cha kufagia.

Ni kwa sababu ya kufagia kule niliandika kazi moja mpya, programu kama wasemavyo leo. Niliianza kwenye Kobe. Kioo kinakuwa cheusi. Kunapita kitambo. Halafu nukta moja inawaka, kisha nyingine mbali nayo, kisha nyingine, na kila nukta inatikisika kidogo, huku na huku, kama taa juu ya maji. Hicho ndicho tu ilichofanya. Alasiri moja kulikuwa na kuran, yaani umeme, nikamwita Mama Mapendo aje atazame televisheni yake. Alikuja na unga mikononi. Akasimama mlangoni mpaka zote zikawaka. Kisha akatoka, na nilidhani nimemuudhi. Muda si mrefu akarudi na wavuvi wawili wa jirani, baba na shemejiye, na baadaye wakaja wengine, wakakaa juu ya kitanda changu na sakafuni, wakitazama. Nilikuwa nimeweka mwezi pembeni kwa kuupamba uso wa kioo. Yule baba akaniuliza kwa heshima kama mwalimu amewahi kuona ndagala wakivuliwa na mwezi uko juu. Chumba kizima kilicheka, nikaufuta mwezi palepale.

Kuanzia hapo kila mmoja alitaka taa yake. Walikuja wananielekeza: yangu inakaaga kushoto ya ile, usiiweke karibu na ya Lubunga, tunagombanaka nyavu. Kobe ikajaa. Ilikuwa na kumbukumbu ndogo kama kibaba, na ilipofika mtumbwi fulani ikanikatalia, kwa hiyo nikaiandika kazi yote upya kwenye Mama Mzito, ambayo ilikuwa na nafasi na rangi ya njano, na maji nikayapa ile bluu nzito ambayo kwa mbali ni nyeusi. Sasa lilikuwa ziwa hasa. Na ilikuwa vizuri kwamba nilihama mapema, maana wiki chache baadaye kuran iliyokuwa imekatika ilirudi kwa nguvu kupita kiasi, balbu zote za mtaa zikapasuka, na Kobe, iliyokuwa kwenye waya, ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua. Niliifungua nikaona ndani yote imekuwa nyeusi. Nilibandua vitufe vyake nikavihifadhi kwenye mkebe wa maziwa. Niliilia, na sioni aibu kusema. Mwaka ule wengine walililia makubwa zaidi, na siku nyingine nilililia hayo pamoja nao.

Walinikamata darajani, kwenye Mto Kalimabenge. Nilikuwa natoka kumwonyesha Générose jinsi ya kupima waya kabla ya kununua, na mfukoni nilikuwa na kaseti. Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walikuwa na redio na hawakuwa na muziki. Mmoja akaichukua kaseti bila hasira yoyote, akaiingiza, akaongeza sauti ili wenzake wasikie. Ukatoka ule mlio. Nakumbuka alirudi nyuma hatua moja, kisha akaizima, akaiwasha tena, na mlio ukaendelea. Nyuso zao zikabadilika. Wakati ule kila mtu alijua habari ya foni, zile redio za kuzungumzia na wapiganaji waliokuwa milimani. Mtu aliyekutwa na foni alipelekwa kwenye ofisi ya komanda, na kutoka mtaa wetu peke yake kulikuwa na nyumba mbili zilizokuwa zikisubiri mtu aliyepelekwa huko.

"Uko unaongea na banani mu hii kasete?" aliniuliza.

Nikamwambia siongei na mtu, ni kaseti ya kompyuta. Hakujua nasema nini, na sikutegemea ajue. Wakanipeleka.

Ofisi ya komanda ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbilia ng'ambo. Sebuleni kulikuwa bado na mapazia yake ya maua na saa ya ukutani iliyosimama. Niliketishwa kwenye korido, juu ya sakafu, na kutoka chumba cha pili nilisikia watu wakibishana kama mlio ule ni wa foni ya aina gani. Mmoja alisema ni ujumbe ulioharakishwa, ukiupunguza kasi utasikia maneno. Waliupunguza kwa kidole. Wakasikia mngurumo. Nilikuwa na hofu, sitaipunguza wala kuiongeza. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa hasira ya mwalimu. Walikuwa wakikosea, kwa kujiamini kabisa, na hakuna aliyefikiria kuniuliza.

Mama Mapendo aliingia alasiri. Sijui nani alimpasha habari. Alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili, Mama Mzito ikiwa kichwani, imefungwa ndani ya shuka, na redio yetu ya kaseti mkononi. Alipita kwenye lango la komanda kama anavyopita sokoni. Mlinzi alipomuuliza anakwenda wapi, akamjibu kwamba wamechukua kaseti bila mashine yake, ni sawa na kuchukua sufuria bila mafiga, amewaletea mafiga. Ndivyo alivyoingia. Komanda alikuwa mtu mtulivu, aliyenyoa ndevu vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. Akauliza mashine ile inafanya nini. Nikasema nitamwonyesha kama kuna televisheni na umeme. Televisheni ilikuwepo, ya mwenye nyumba, na jenereta ilikuwa uani. Wakaiwasha.

Mara ya kwanza ilishindikana. Mmoja wa wanajeshi alikuwa ameichezea sauti ya redio yetu, na jenereta ilisuasua, kioo kikajaa mistari kisha kikaganda.  Nikamwambia komanda awaambie watu wake wasiiguse redio, nikairudisha kaseti mwanzo, nikapunguza sauti hadi mahali nilipopajua kwa sikio langu. Mlio ukalia chumba kizima.  Ulipokoma, kioo kikawa cheusi, na nilihesabu moyoni kwa kuwa kitambo kile cha giza nilikuwa nimekiandika mimi mwenyewe, na sijawahi kujuta kitu kama nilivyojuta urefu wake. Kisha taa ya kwanza ikawaka upande wa Kalundu.

Zilipokwisha kuwaka zote, mmoja wa wanajeshi waliosimama mlangoni akasema polepole, "Iko ziwa." Alikuwa mtoto wa ufuoni, nilimtambua kwa matamshi yake. Komanda akageuka akamtazama, kisha akanirudia mimi. Akasema sasa ameelewa kwamba si foni. Nilidhani yamekwisha. Ndipo akaniuliza taa hizo ni za nani.

Nikasema ni za wavuvi.

"Taa zimekatazwa," alisema.

"Zimekatazwa ku mayi, Komanda. Hii iko televizio."

Sikusema kwa kufanya mzaha, ingawa najua ndivyo inavyosikika. Nilikuwa nikimwonyesha mpaka wa amri yake, kama ninavyomwonyesha mwanafunzi mahali hesabu yake inapoishia. Hakupenda. Akasema niziondoe zote mbele yake, halafu niombe msamaha kwa kuwakusanya watu nyumbani na kuwaonyesha jambo lililokatazwa. Nikamwambia kwamba mashine iko mbele yake na kitufe cha kuizima ni kile pale, anaweza kuizima mwenyewe. Mimi sitaziondoa. Kila moja ina mtu wake aliyenielekeza pa kuiweka, na hakuna hata mmoja wao aliyeniambia niiondoe. Wakati huo nilikuwa nimesimama, na miguu yangu ilianza kutetemeka kiasi kwamba ningeweza kuanguka. Mama Mapendo akanishika mkono juu ya kiwiko. Alinishika kwa nguvu ya mwanamke anayebeba magunia, na nakiri kwamba nilidhani ananivuta chini. Alikuwa ananishikilia nisianguke. Halafu akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kutaja uzito wa samaki:

"Komanda, minye niko muuzishaji wa samaki. Mulizima ziwa, nikanyamaza. Biashara yangu ikakufa, nikanyamaza. Hii mwalimu aliwasha ziwa mu televizio yangu, haikuua muntu, haikuleta adui. Haombe musamaha. Na akiomba, minye sitamufungulia tena mulango ya nyumba yangu."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Namwandikia Papa Anselmi neno kwa neno, na aliyekuwepo anikosoe.  Komanda alirudi kutazama kioo, na sote tulitazama, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya, mpaka jenereta ikakohoa, ikaishiwa mafuta, na taa zote zikazimika pamoja na televisheni. Hapo akasema tuondoke, mimi na Mama Mapendo. Mashine zinabaki. Hadi leo sijui kwa nini alituacha. Nimefikiri labda aliona haya mbele ya yule mwanajeshi wa ufuoni, labda alikuwa amechoka tu, labda alikuwa na ziwa lake mahali fulani. Sitampamba kwa sababu ambayo hakuitoa. Nyumba mbili za mtaa wetu zilisubiri hadi zikaacha kusubiri, na aliyewashika watu wao alikuwa komanda yuleyule aliyetuacha sisi.

Kesho yake walikuja na gari kuchukua zilizobaki. Nilisimama mlangoni nikawaelekeza jinsi ya kuibeba Kijani, kwamba isilazwe kwa kioo, kwamba wapite upande wa karo ambako hakuna ngazi. Mmoja alidhani namkejeli. Sikumkejeli. Mashine ilikuwa ya mtu wa Katogota, na kama ingevunjika isingevunjika kwa uzembe wangu. Walichukua hata mzoga wa Kobe. Chumba kikabaki na kitanda na meza, na wanawake wa uani hawakusema chochote siku ile, wala iliyofuata. Yule aliyewahi kusema nizae mtoto aliniletea mboga ya lenga-lenga iliyopikwa kwa karanga, akaiweka juu ya meza tupu, mahali ilipokuwa Mama Mzito.

Mvua zilikuwa zimekatika wakati Générose aliponiletea nyingine. Ilikuwa nyeupe, imepasuka pembeni, kutoka kiwanda kingine kabisa, na haikuweza kusoma kaseti hata moja kati ya zile nilizokuwa nimebaki nazo. Sikuwa na baiskeli wala viatu vya kutoa. Akasema nimfundishe binti yake hesabu. Basi nikaandika upya kila kitu kutoka kichwani, mstari kwa mstari, kwa lugha ambayo kwa mashine ile ilikuwa na kanuni tofauti kidogo, na wavuvi wakarudi, mchana, mmoja mmoja, kunikumbusha nani alikuwa wapi. Si wote waliorudi. Wengine walikuwa wamevuka kwenda Kigoma, na Lubunga, yule wa kugombania nyavu, alikuwa ametoka na taa gizani kwa sababu watoto wake walikuwa hawajala, na wanajeshi walikuwa wametimiza neno lao. Nilifika kwenye nafasi yake nikasimamisha vidole. Mkewe alikuwa ameketi pale kitandani pamoja na wengine. Nikamuuliza nifanyeje. Aliniambia niiweke, na niiweke pale pale karibu na jirani yake, ili waendelee kugombana. Nikaiweka. Katika kazi hiyo, ambayo nimeihamisha mashine hadi mashine tangu mwaka ule, taa yake haijawahi kutolewa.

Nimezeeka na mashine zangu. Sasa ni nyingi kuliko ninavyopenda kusema mbele ya wanangu, zimejaa chumba kizima: za kaseti, za diski laini, za diski ngumu, moja inayofungwa kama mkoba, na zile ambazo vijana wananiletea wakisema Mama, hii hata wewe hutaitaka, nami naitaka. Na ninapoandika haya mji umejaa wanajeshi tena. Mke wa jirani amekuja mara mbili kunisihi nivushe vitu vyangu Bujumbura, au nivifukie, au angalau nifunike dirisha. Namshukuru, na nimekataa. Jana asubuhi mmoja wao alisimama kwenye ua wangu, mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka kidevuni, bunduki begani, akitazama nyaya zinazoingia dirishani. Akaniuliza niko na nini ndani ya nyumba ile. Nilikuwa nachagua mchele. Nikaweka ungo chini, nikasimama, nikamfungulia mlango wote, si nusu.

"Niko na maordinatere," nikamwambia. "Acha bunduki hapo ku benchi. Ingia, nitakuonyesha."

Alinitazama, akatazama barabara pande zote mbili. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye benchi, akainama kidogo kwa kuwa mlango wangu ni mfupi, akaingia.